Kadeti wa Mombasa ndani ya mashua za Amu (Lamu): shajara ya mafunzo, Februari 2025

Nimechelewa kuandika haya. Daftari langu lililowa maji ya chumvi, kurasa zikagandana, ikabidi nisubiri wenzangu wanitumie picha zao ndipo nijue kipi kilitangulia kipi. Tulikuwa darasa la mwaka wa pili la diploma ya unahodha kutoka chuo kimoja cha Mombasa, wasichana wanne na wavulana wengi kutuzidi. Walimu walikuwa wawili: mmoja kepteni mstaafu wa meli za mizigo, mwingine wa usalama na uokozi. Chuo kililipia mashua za kufanyia mazoezi. Nauli, malazi na chakula, kila mtu na mfuko wake. Bei ninazozitaja humu ni nilizolipa mimi, na Lamu bei hupanda msimu wa watalii.

Kabla ya safari nieleze kitu kimoja, maana ndicho tulichobishania njia nzima. Kadeti hubeba kitabu cha kumbukumbu za mafunzo. Mkataba wa kimataifa wa STCW wa 1978, wa mafunzo na vyeti vya mabaharia, unamtaka anayetafuta cheti cha afisa wa zamu awe amekaa melini miezi isiyopungua 12 chini ya mpango wa mafunzo ulioidhinishwa, na katika hiyo, sita awe anashika zamu kwenye chumba cha uongozaji akisimamiwa. Asiyepitia mpango huo anadaiwa miezi 36. Meli za kutupokea ni chache, na pwani nzima kila mtaa una kijana aliyemaliza darasa akabaki anahesabu meli kutoka ufukweni. Basi tulipoambiwa tunakwenda Lamu kwa mafunzo kwa vitendo, swali la kwanza darasani halikuwa tutalala wapi. Lilikuwa: hizi siku zitaandikwa ukurasa gani?

Kepteni alijibu, "Fungasheni kwanza."

Jumapili, 9 Februari: Mombasa hadi Lamu

Basi liliondoka Mombasa saa moja kasorobo asubuhi, nauli shilingi 1,500. Kata tiketi siku moja kabla na uombe kiti cha upande wa kushoto. Jua la asubuhi huingia kulia mpaka Malindi, na pazia la basi letu lilikuwa limebaki nusu. Foleni ya Mtwapa ilikuwa ile ile ya siku zote. Malindi tulisimama muda wa kula viazi karai vya hamsini na chai ya maziwa iliyokuwa na sukari ya kutosha watu watatu.

Minjila njia inagawanyika: moja inaelekea Hola na Garissa, nyingine inakwenda Garsen, inavuka Mto Tana na kushika Lamu. Kutoka hapo ni lami safi, ila mwendo unakatwakatwa na vituo vya ukaguzi. Abiria wote hushuka, hupita kwa miguu na kitambulisho mkononi, basi hupekuliwa, mnapanda tena. Mwenzetu mmoja wa Changamwe alikuwa na nakala tu ya kitambulisho. Alisimamishwa kando mpaka kepteni alipotoa barua ya chuo yenye orodha ya majina. Beba kitambulisho chenyewe. Picha kwenye simu haitoshi.

Tulipita Lango la Simba, mahali ambapo mafuriko ya mwisho wa 2023 yaliimeza barabara na magari yakakwama huku na huku. Safari hii palikuwa pakavu, ng'ombe wanakatiza wanavyotaka. Witu tulinunua maembe dirishani. Mwenzangu alikuwa na noti ya elfu moja na mama muuzaji hana chenji, basi linaunguruma kutaka kuondoka. Mama akamsukumia maembe manne dirishani: "Chukua mwanangu, wanipa ukirudi. Ndia ni hii moja."

Mokowe tulifika saa tisa alasiri. Hapo gari ndiyo mwisho wake. Boti ya abiria mpaka Lamu mjini ni shilingi 150. Kuna wanaotaja 500 wakiona begi kubwa, kwa hiyo subiri abiria wenyeji wapande nawe upande nao. Dai jaketi la kuokolea hata kama wengine wamelikalia. Mwalimu wa usalama alikataa boti iondoke mpaka kila mwanafunzi amefunga mikanda yote, na mzee mmoja aliyekuwa na kuku ndani ya kikapu, kuona hivyo, naye akaomba lake.

Sisi wasichana tulipata chumba kwa mama mmoja mtaa wa Langoni, 800 kwa kitanda. Kabla hatujatua mizigo akatuletea kaimati na chai ya tangawizi, akauliza mama zetu wanajua tuko wapi. Tulipomwambia tunasomea kuendesha meli alinyamaza kidogo, kisha akasema kaka yake alikuwa serahangi, yaani msimamizi wa mabaharia, wa jahazi la boriti mpaka Uarabuni, na kwamba nyumbani alikuwa hawezi kulala kitandani, anataka chini. Kila siku baada ya hapo alitusalimu "Masalkheri, manahodha."

Jumatatu, 10 Februari: kuogopa maji kwa mpangilio

Asubuhi ilikuwa nadharia, naipita. Ni yale manne ya usalama wa msingi ambayo kila baharia wa dunia lazima ayasome: kujiokoa majini, kuzima moto, huduma ya kwanza, na usalama wa mtu binafsi pamoja na wajibu wake kwa wenzake. Tulishayafanyia mtihani bwawani. Lakini bwawa halina mkondo.

Mwalimu alingoja maji yajae na kusimama, kama saa nane u robo mchana. Boti ya mpira ya kuokolea, ile kuukuu tuliyokuja nayo juu ya basi, ikapinduliwa makusudi kando ya mashua. Kazi yako ni kupanda juu ya tumbo lake, ushike mkanda, ujiegemeze nyuma kwa uzito wako wote mpaka ikugeukie, kisha uogelee kutoka chini yake kwa mgongo. Maji yakiwa yamesimama, wote tuliweza. Akatuacha tunywe maji, tucheke, tujisifu. Baada ya saa moja na nusu, maji yakiwa yanatoka kwa kasi mlangoni mwa Shela, akasema turudie. Safari hii boti ya mpira ilikuwa inatuacha kabla hatujaikaribia, na tulioweza kuigeuza tulijikuta mbali na mashua kuliko tulivyodhani. Wavulana wawili walikokotwa na kamba. Hakuna aliyejisifu tena.

Jioni tulifanya mazoezi ya redio ya VHF, mtambo ukiwa umezimwa ili tusimwamshe mtu. Chaneli 16 ndiyo ya dharura na ya kuitana. Unasema "Mayday" mara tatu, jina la chombo mara tatu, mahali ulipo, shida yako, idadi ya watu. Kituo cha kuratibu uokozi cha eneo letu kiko Mombasa, kilianzishwa 2006, na bahari wanayoiangalia haiishii Kenya. Wengi wetu tulisahau kutaja mahali tulipo. Mtu akiogopa hutaja shida yake kwanza.

Chakula cha usiku: mkate wa mofa na mchuzi wa samaki, 250. Kahawa chungu barazani ni sarafu chache tu na maneno ya bure.

Jumanne, 11 Februari: Matondoni

Matondoni iko upande wa pili wa kisiwa. Asubuhi maji yalikuwa yamekupwa, mashua haziwezi kufika karibu, kwa hiyo tulikwenda kwa miguu kupitia mashamba ya minazi, tukarudi kwa mashua alasiri maji yalipojaa. Huo ndio mpango mzuri kwa yeyote anayekwenda siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida. Beba maji, njiani hakuna duka, na mchanga unachosha kuliko urefu wa njia.

Chini ya makuti palikuwa na mashua moja mpya iliyosimama kwa magogo na nyingine kongwe iliyopinduliwa ubavu. Mafundi walikuwa watatu, baba na wanawe. Vyombo vyao: tezo, msumeno, nyundo, na keke ya upinde wanayoizungusha kwa kuvuta kamba mbele na nyuma. Mataruma, yaani mbavu za chombo, hutafutwa porini kwa sura yake. Fundi hutembea na jicho la pindo analolitaka mpaka akute tawi lililokwisha kupinda hivyo. Ukipinda mbao kwa nguvu, alituambia, bahari itainyoosha siku isiyofaa. Kati ya ubao na ubao hushindiliwa pamba iliyoloweshwa mafuta, hiyo ndiyo kalafati, na sehemu ya chini hupakwa deheni, mchanganyiko wa mafuta na chokaa, ili minyoo ya bahari isiitoboe.

Mmoja wetu aliomba kuona mchoro wa chombo. Fundi akacheka, si kwa dharau, akamwambia mwanawe mkubwa asimame omoni, mbele ya chombo, na mdogo asimame tezi, nyuma yake, akanyoosha uzi katikati yao. "Huo ndio mchoro. Mengine yamo machoni."

Hapo kepteni akatushika. Darasani tulikuwa na muhula mzima wa uthabiti wa meli: kitovu cha uzito, kitovu cha kuelea, na umbali mdogo unaoamua kama meli itarudi wima au italala moja kwa moja. Akatuambia tumuulize fundi juu ya farumi. Farumi ni mawe au mchanga wa kutia uzito chini ya chombo kisicho na mzigo. Fundi akaeleza: ukiweka kidogo, chombo kinakwenda mrama na kinalala kwa upepo mdogo, ukizidisha, kinakuwa kigumu, kinarudi kwa kishindo, kinavunja mlingoti. Ni maelezo ya kitabu chetu, sentensi kwa sentensi, bila herufi za hesabu. Niliandika ukurasa mzima na ndio uliosalimika daftarini.

Tulisikia pia habari za Flipflopi, dau lililoundwa Lamu kwa plastiki iliyookotwa, takriban tani 10, likafunikwa kwa vipande vya kandambili. Lilishushwa majini 2018, na mwaka uliofuata likasafiri kilomita 500 mpaka Zanzibar. Mafundi wa Matondoni wanalitaja kwa fahari, ila yule baba aliongeza kuwa plastiki haina nyuzi kama mti, msumari hauijui. Maoni yake hayo, nami siyakatai.

Tulikula wali wa nazi na samaki wa kupaka kwa shilingi 200 nyumbani kwa fundi. Walikataa tulipe watu wote. Walisema wanaotoka safari ya miguu wanalipa nusu.

Jumatano, 12 Februari: jua la Shela na nazi iliyozama machoni

Kutoka Lamu mjini mpaka Shela ni mwendo wa kama dakika arobaini na tano kando ya maji. Nenda maji yakiwa yametoka. Yakijaa, sehemu ya njia huliwa na bahari, ndipo boti hujaa wateja.

Tulikwenda kupima jua kwa sekstanti, kifaa cha kupimia kimo chake juu ya upeo, kwa sababu ufukwe wa Shela unatazama bahari wazi na upeo wake haukatizwi na kitu. Watu hudhani jua hufika juu kabisa saa sita kamili. Lamu iko kwenye longitudo ya karibu digrii 41 mashariki, na saa yetu ya Afrika Mashariki imepangwa kwa digrii 45; jua linachelewa dakika 16 kwa sababu hiyo tu. Katikati ya Februari linachelewa dakika nyingine 14 kwa sababu ya mwendo wa dunia kulizunguka jua. Kepteni alituambia tuanze kupima saa sita na robo na tuendelee. Kimo kilipanda, kikapanda, kikasimama saa sita na nusu kama alivyosema, digrii 78 na ushei, jua likiwa kusini mwetu. Tukatoa, tukajumlisha, tukapata latitudo ya digrii 2 na dakika 22 kusini. Ramani inasema dakika 18. Tofauti ya dakika nne ni maili nne za bahari, zaidi ya kilomita saba. Tulifurahi. Kepteni hakufurahi: kilomita saba, alisema, zinatosha kuiweka meli juu ya mwamba na abiria wakiwa mezani.

Watoto wa Shela walipanga foleni kuchungulia. Mmoja alitangaza kwamba ameliona jua "limeshuka kukaa juu ya maji", na kwa kweli ndivyo sekstanti inavyofanya.

Alasiri tukapanda mashua na nahodha wa Lamu, mzee wa maneno machache. Upepo wa kaskazi ulikuwa umeamka, kama noti 15, yaani maili 15 za bahari kwa saa. Mashua ya Lamu ina ubao mrefu unaotokezwa upande wa upepo, uitwao mrengu. Mabaharia hukaa juu yake kuzuia chombo kisilale. Mimi na wenzangu wawili tulipandishwa mrengu, miguu inagusa povu. Hapo ndipo unapofahamu uzito wako una kazi gani duniani.

Mwalimu wa usalama alikuwa na nazi begani ndani ya mfuko. Bila kuonya, akaitupa baharini na kupiga kelele: "Mtu majini!" Kichwa cha mtu kikielea hakizidi nazi. Melini tumefundishwa la kufanya: usukani wote upande alioangukia, meli ikigeuka digrii 60 unaurudisha wote upande wa pili, mpaka urudi juu ya njia yako uliyotoka. Mmoja wetu alianza kumwelekeza nahodha hivyo. Mzee hakumjibu. Alilegeza demani, kamba ya kuzuia tanga, tanga likapoteza upepo, chombo kikapunguza mwendo; wakati huo huo alimnyooshea kidole yule aliyekuwa karibu na nazi: "We, usiondoe mato," yaani macho. Akakigeuza chombo kwa kukipa upepo kisogo, foromali, boriti inayoshika tanga, ikazungushwa mbele ya mlingoti, tukarudi. Lakini mwenzetu aliyepewa kazi ya kutazama aligeuka kuangalia tanga linavyopita. Nazi ikapotea. Tuliitafuta mpaka tukachoka, jua kali, mawimbi madogo tu.

Tuliporudia, kila mmoja alipewa zamu ya kuwa jicho, na jicho haruhusiwi kufanya jambo lingine, hata kujishika vizuri. Nazi ya pili tuliipata. Ya tatu pia. Kwenye chumba cha mazoezi cha chuo, kompyuta huweka alama mahali mtu alipoanguka, na alama haipotei. Mimi naona somo hilo lingetangulia kompyuta, mwaka wa kwanza kabisa, kabla mtu hajaizoea ile alama.

Tulirejea usiku, mwezi mpevu umetoka upande wa Manda. Kusini ilisimama Suheli, nyota wanayoifuata manahodha wa mwambao. Jaa, nyota ya kaskazini, Lamu haionekani, kwa kuwa tuko kusini ya ikweta. Mzee alisema wanaokwenda Uarabuni kwa kusi hujua wamekwenda mbali siku wanapoiona inachungulia baharini.

Alhamisi, 13 Februari: Takwa, na mashua ya pili

Takwa ni magofu ya mji wa Waswahili kisiwani Manda, uliohamwa katika karne ya 17. Una msikiti, na kaburi la mnara lenye maandishi ya mwaka 1094 wa Hijria, yaani 1682 au 1683. Watu wa Shela huutembelea kwa dua mpaka leo. Lakini sisi hatukupelekwa kwa historia. Kufika Takwa kwa mashua unapita mkono wa bahari ndani ya mikoko, na mkono huo haupitiki maji yakikupwa. Ilikuwa bamvua. Maji kujaa yalikuwa saa kumi na dakika kama kumi alasiri.

Tulipewa zoezi: tupigeni hesabu ya saa ya mwisho ya kuondoka. Kanuni ni ya mafungu 12. Maji hayashuki kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza hushuka fungu moja, ya pili mawili, ya tatu matatu, ya nne matatu, ya tano mawili, ya sita moja. Tukichukua tofauti ya mita tatu, ni sentimita 25 saa ya kwanza, 50 ya pili, 75 ya tatu na ya nne. Tulipofika tulipima kwa bildi, uzi wa kupimia kina: mita moja na nusu gatini. Mashua inataka sentimita 80. Kwa hiyo tuna ziada ya 70, tukasema: saa kumi na mbili jioni bado tunaelea.

Nahodha wetu alisikiliza hesabu yote kwa adabu. Kisha akasema tunaondoka saa kumi na moja. Ndani ya mikoko, alieleza, hakuna upepo wa kutosha tanga. Ni upondo wa kusukumia na mkondo. Maji yakianza kutoka, mkondo unakubeba nje wewe na uzito wako. Ukingoja dakika ya mwisho, ukigusa matope mara moja huna maji ya pili ya kukunyanyua. Yanayofuata yote ni pungufu.

Hesabu yetu haikuwa na kosa. Ilijibu swali la saa ngapi haiwezekani tena. Yeye alikuwa anajibu swali jingine.

Mashua ya pili iliyobeba nusu ya darasa ilikuwa ya kukodi, ina mashine. Wao walikaa kupiga picha kwenye mnara mpaka jua linazama. Sisi tulikuwa tumeshatoka mlangoni tukawaona wanakuja, kisha hatukuwaona tena. Mashine ilikuwa imevuta matope na mizizi, ikazima, na kabla hawajapata upondo mashua ikakaa. Ukikwama maji yakitoka saa kumi na mbili na nusu ya bamvua, utanyanyuliwa usiku wa manane ukipita.

Aliyewaokoa ni kijana mtega kaa aliyekuwa na mtumbwi. Aliwatoa wachache kwa wachache, kila safari anasukuma kwa upondo na kurudi, mbu hawahesabiki, mwezi ndio taa. Aliwafikisha mpaka kwetu mlangoni. Kepteni akatoa pesa, kijana akakataa. Akakubali tufunge kaa wake kwenye kamba vizuri, maana mikono ilikuwa imemchoka, na alituuliza kama chuo chetu kinachukua aliyeishia darasa la nane. Mwalimu alimwandikia jina la kozi za muda mfupi za usalama kwenye karatasi. Nahodha wa ile mashua alilala nayo. Kulipopambazuka alikuwa amesharudi mjini.

Kwa anayekwenda Takwa: tazama jedwali la maji kabla ya kukodi chochote, vaa viatu unavyoweza kuvipoteza matopeni, na kiingilio cha Makumbusho ya Taifa kiwe tayari. Dawa ya mbu si anasa.

Ijumaa, 14 Februari: Kililana

Bandari mpya ya Lamu iko bara, Kililana, mwendo mfupi kwa gari kutoka Mokowe. Ruhusa ya kuingia huombwa kwa barua wiki kadhaa kabla. Gati la kwanza lilifunguliwa 20 Mei 2021, meli ya kwanza ikiwa MV CAP Carmel. Magati ni matatu, kila moja mita 400, na kina cha mita 17.5. Baada ya siku za kupima kwa bildi na kuhesabu sentimita, kusimama juu ya zege lile kulinipa kizunguzungu kidogo. Maji hayo hayo, bamvua hilo hilo, na meli haijali.

Siku hiyo hapakuwa na meli. Tulitembea, tukaonyeshwa fendi za kuzuia meli isigonge gati, maboya, njia ya kuingilia: nyekundu kushoto, kijani kulia ukitoka baharini. Tukaondoka mapema kuwahi sala ya Ijumaa.

Nahodha wetu alikuwa amekuja nasi, kwa ombi la kepteni. Alitazama maji ya Manda muda mrefu akatuonyesha alipokuwa akivua na baba yake. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa hasara ya bandari hii. Nilimuuliza yeye anaionaje. "Meli ni nzuri," alisema. "Ndoo (njoo) na ramani yako siku moja, nikuonyeshe wavuvi watavua wapi."

Jumamosi, 15 Februari: sahihi

Asubuhi, barazani, kepteni alikusanya vitabu vyetu. Alituambia wazi kwamba hawezi kuandika hata saa moja kwenye ukurasa wa muda wa melini, kwa kuwa mashua si meli inayotambuliwa na mkataba, na akiandika atakuwa ametufanyia ubaya siku ya ukaguzi. Akafungua nyuma, penye nafasi ya mazoezi mengine, akaandika kwa kila mtu jambo moja aliloliona akilifanya mwenyewe. Langu linasema nilikuwa jicho la nazi ya pili. Nimeshaulizwa na watu wawili maana yake.

Wengine walinung'unika. Mimi nadhani alikuwa na haki. Kisichokuwa haki ni kupeleka darasa Lamu mwaka wa pili mwishoni, kama zawadi, badala ya kuanzia huko.

Mama wa Langoni alitufungia mahamri na akakataa pesa ya siku ya mwisho. Boti, Mokowe, basi lile lile. Witu mwenzangu alimtafuta mama wa maembe, akamlipa na kununua mengine. Ukaguzi ulikuwa wa haraka kuliko wa kwenda.

Tulipokaribia Malindi simu ya yule mwenzetu wa Changamwe ililia. Wakala wa mabaharia: kuna nafasi ya kadeti, meli ya mizigo, anataka pasipoti, cheti cha afya na cha homa ya manjano kabla ya saa kumi na moja. Nakala zote zilikuwa kwenye barua pepe, simu yake ina asilimia tatu ya chaji. Konda alipoelezwa akatazama saa, akatutangazia abiria wote kwamba basi litasimama dakika kumi na asiyependa alalamike kwa mabaharia. Darasa zima lilishuka kumsindikiza hadi saiba, duka la intaneti. Dakika zilipita kumi, zikapita ishirini, na walioanza kupiga honi walikuwa abiria, si dereva. Alirudi mbio na risiti mkononi, na mfuko wa bajia aliowanunulia konda na dereva.

"Umetuma?" kepteni aliuliza.

"Nimetuma. Wameniuliza nina uzoefu gani wa baharini."

"Ukawaambiaje?"

"Nimewaandikia muda wangu ni sufuri."

Kepteni alimega bajia moja, akamwambia akae upande wa kivuli.